Dairekti debiti ya bili ya maji Uingereza: naipa nyota tatu, na hivi ndivyo wanavyoipata ile hela ya kila mwezi

Naweka nyota mapema ili msome mkijua nimesimama wapi, tatu kati ya tano. Kukatwa hela ya maji kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, ndo hiyo dairekti debiti, kwenyewe hakuna shida, unajaza namba za akaunti yako ya benki mara moja, unachagua tarehe (mi nimeweka siku mbili baada ya mshahara, kabla hela haijapata mabawa), basi, umemaliza. Kinachonikera ni kwamba hawa jamaa wa kampuni za maji wanakutajia tu kiasi bila kukueleza kimetokea wapi, matokeo yake mtu alikuwa anakatwa pauni 45 anaona barua inasema kuanzia mwezi ujao ni 82.50, anaruka, anasema ameibiwa, anaandika kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa huku, kila mtu anampa ushauri wake, mwisho anaingia kwenye apu ya benki anafuta makato kwa hasira na hapo ndo matatizo yanaanza rasmi.

Kampuni yangu siitaji na kiukweli hata ningeitaja isingekusaidia kitu, kwa sababu England na Wales maji ya nyumbani huchagui. Umeme na gesi ukichukizwa unahama, maji unachukua kampuni ya eneo unaloishi, ukitaka nyingine hama nyumba. Tena kuna maeneo, hasa huku kusini, maji safi yanaletwa na kampuni moja na majitaka yanachukuliwa na nyingine, kwa hiyo unaweza kupata bili mbili na makato mawili, ndugu zangu mliohamia juzi msishangae mkadhani ni matapeli. Scotland wana utaratibu wao, hela ya maji inakusanywa na halmashauri pamoja na kodi ya halmashauri, kwa hiyo walioko Glasgow na Aberdeen haya ninayoandika hayawahusu sana.

Sasa kitu cha kwanza cha kujua ni kama nyumba yako ina mita au haina, maana hesabu ni mbili tofauti kabisa. Kama haina mita, wanatumia thamani ya kukodisha ya hiyo nyumba iliyowekwa na serikali zamani, makadirio ya mwaka 1973 hayo, hayajaguswa tangu mfumo ule wa kodi za nyumba ufutwe 1990. Yaani unaweza kuishi peke yako, unaoga dakika tatu, unafua mara moja kwa wiki, na unalipa sawa na jirani mwenye nyumba kama yako yenye watu saba. Uzuri wake ni kwamba bili inajulikana tangu Aprili mpaka Machi, wanaigawa kwa miezi, hakuna cha kushtukiza. Ukitaka mita unaomba wanakufungia bure, na kanuni ya mtaani inayosemwa sana ni kwamba kama vyumba vya kulala ni vingi kuliko watu, mita itakufaa. Familia kubwa msikurupuke, fanyeni hesabu kwanza, kuna kikokotoo cha bure kwenye tovuti ya CCW, hao ni watetezi wa watumiaji wa maji.

Kwenye mita ndo utamu wote ulipo, nikae hapo.

Mita inahesabu kwa mita za ujazo, ile uniti moja tuliyoizoea nyumbani, lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50 za lita 20. Bili inakuwa na vipande: bei ya maji safi kwa uniti, bei ya majitaka kwa uniti, na ada ya kudumu ambayo unalipa hata ukisafiri miezi miwili bila kufungua bomba. Majitaka hayana mita yake. Wanachukua maji yaliyoingia wanakadiria kwamba sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya asilimia 90, imerudi kwenye bomba lao. Kwa hiyo kila ndoo unailipia ikija na unailipia ikitoka, na watu wengi wakipiga hesabu ya kuoga wanasahau hicho kipande cha pili.

Bili yenyewe, kwa kampuni nyingi, inatoka kila baada ya miezi sita. Lakini makato ni ya kila mwezi. Hapo ndo mkanganyiko unapozaliwa, kwa sababu hela wanayokata Januari haina uhusiano wowote na maji uliyotumia Januari. Wanachofanya ni kukisia utatumia kiasi gani kwa mwaka mzima, wanaigawa kwa 12, halafu wanaongeza deni kama lipo au wanapunguza kama umelipa zaidi. Ukiwa mgeni kwenye nyumba hawana historia yako, wanakuuliza mko wangapi, wanaweka makisio ya familia ya ukubwa huo, na mara nyingi makisio ya mwanzo ni ya chini, au waliambiwa mko wawili kumbe baada ya miezi mitatu shemeji kahamia na mtoto.

Chukua mfano, namba ni za kutunga lakini hesabu ndo hiyohiyo. Wamekisia mwaka mzima utatumia maji ya pauni 540, wanakukata 45 kila mwezi. Miezi sita imepita, umelipa 270. Anakuja msoma mita, bili inatoka, kumbe umetumia ya pauni 420. Hapo una deni la 150. Mfumo wao sasa unafanya vitu viwili kwa mpigo: kwanza unasema kama miezi sita ni 420 basi mwaka ni 840, gawa kwa 12 unapata 70. Pili, deni la 150 gawa kwa 12, unapata 12.50. Jumlisha, 82.50. Barua inakuja imeandikwa 82.50 peke yake, bila hata mstari mmoja wa kukuonyesha kwamba 70 ni matumizi na 12.50 ni deni, na hapo ndo nilipokata nyota yangu ya kwanza, maana hiyo hesabu ni ya darasa la tano, ingetosha kwenye mistari mitatu.

Na kuna jambo lingine humo. Deni likigawanywa kwa miezi 12 linakuwa 12.50, lakini wakiamua limalizwe ndani ya miezi sita, kabla bili nyingine haijatoka, linakuwa 25 na makato yako yanapanda mpaka 95. Maji ni yaleyale, deni lilelile. Kwa hiyo ukipiga simu kastama kea usianze na "kwa nini mmepandisha", utaishia kusomewa maelezo yale wanayomsomea kila mtu. Uliza mambo haya: mmekisia mwaka mzima ni shilingi ngapi (pauni, lakini mnanielewa), salio langu leo likoje, na deni mmeligawa kwa miezi mingapi. Yule dada niliyeongea naye alikuwa anajibu majibu ya jumlajumla, nilipouliza hilo la miezi akanyamaza kidogo, nikasikia anabofyabofya, kisha akasema imewekwa sita ila anaweza kuinyoosha iwe 12. Kumbe inawezekana! Ila hawakwambii mpaka uulize.

Lakini kabla ya simu yenyewe nenda kaangalie mita, maana hesabu yote hiyo inasimama juu ya namba moja tu, usomaji wa mita, na hiyo namba mara nyingine ni ya kubuni. Kwenye bili pembeni ya usomaji huwa wanaonyesha kama ulisomwa kweli au ulikadiriwa, wengine wanaandika neno zima, wengine herufi tu, E ikiwa ya makadirio. Yangu ilikuwa ya makadirio. Yaani hakuna aliyekuja, wamekisia nimetumia kiasi gani, halafu juu ya hicho kisio wakakisia mwaka mzima, wakapandisha makato. Kisio juu ya kisio.

Mita nyingi za nyumba za kawaida ziko chini kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba, kuna kifuniko kidogo, unakichokonoa kwa bisibisi bapa, ndani unakuta kipande cha sponji cha kuzuia baridi isigandishe mita, ukikitoa hicho unakutana na tope, konokono, buibui wa kutosha, na chini kabisa ndo kioo cha mita. Washa tochi ya simu, futa na kitambaa. Tarakimu nyeusi ndo uniti, nyekundu ni lita, hizo ziache. Hapa wengi wanajichanganya wakituma zote zikiwa pamoja na mfumo unadhani wamechota bwawa la Mtera. Angalia pia namba ya mita iliyochongwa pembeni ifanane na iliyo kwenye bili, hasa mkiwa mnakaa kwenye nyumba zilizobanana, maana visa vya mtu kulipia mita ya jirani vipo. Nikapiga picha, nikatuma usomaji kwenye tovuti yao, bili ikafutwa ikatoka mpya, ndogo kuliko ile ya kwanza, na makato yakashuka. Ikachukua muda lakini ilishuka, sina ugomvi nao kwenye hilo, ni haki kusema. Mita mpya za kisasa zinatuma usomaji zenyewe kwa mtandao, mkifungiwa hizo kero hii itaisha.

Kama usomaji ni wa kweli na matumizi bado ni ya kutisha, fikiria msimu kwanza. Kama ile miezi sita yao imeangukia kiangazi, watoto wako likizo wanarushiana maji nje na bwawa la plastiki, wageni wametoka Dar wamekaa wiki nne, bustani inamwagiliwa kila jioni, basi hicho ndo wanakizidisha mara mbili na kukiita mwaka wako. Waambie. Mwambie mtu wa kastama kea kwamba Julai na Agosti mlikuwa wengi na sasa mmebaki wangapi, wanaweza kurekebisha makisio. Ila wakikubali kushusha halafu matumizi yasishuke, deni litakusubiri kwenye bili ijayo, hapo usiwalaumu.

Kitu cha pili ni choo. Hivi vyoo vya kisasa vyenye vitufe viwili, kidogo na kikubwa, vinavujisha maji kimyakimya kwa nyuma ndani ya bakuli, huoni wala husikii, na choo kimoja kikivuja kinaweza kumeza lita 200 mpaka 400 kwa siku. Wastani wa mtu mmoja England uko kwenye lita 140 hivi kwa siku, kwa hiyo ni kama una wapangaji wawili hewa wanaoga humo. Kujua ni rahisi: usiku wote wakishamaliza kutumia, futa nyuma ya bakuli pakauke, bandika karatasi ya choo kavu, asubuhi ukiikuta imelowa au imechanika una jibu. Au funga bomba zote ukaangalie mita, ile gurudumu ndogo ikiwa inazunguka kuna mahali maji yanakwenda. Bomba la ardhini likiwa ndo limepasuka, kampuni nyingi zina utaratibu wa kukupunguzia bili mara ya kwanza ukitengeneza haraka, ombeni.

Halafu kuna Aprili. Mwaka wa bei za maji unaanza tarehe 1 Aprili, na ukomo wa bei unapangwa na Ofwat, msimamizi wa kampuni za maji, kila baada ya miaka mitano. Desemba 2024 walitangaza za kipindi cha 2025 mpaka 2030, na sehemu kubwa ya ongezeko ikawekwa mwaka wa kwanza, ndo maana Aprili 2025 bili ya wastani England na Wales ilipanda kama asilimia 26, karibu pauni 123 juu, ikafika pauni 603 kwa mwaka. Kuna kampuni ya kusini ilipanda asilimia 47, fikiria! Serikali yenyewe Julai 2025 ilisema Ofwat itafutwa ije mamlaka mpya, tutaona, hela yangu inaendelea kukatwa. Hili nalisema kwa sababu mtu anaweza kuwa ametumia uniti zilezile za mwaka jana, hana deni, choo hakivuji, na makato bado yakapanda. Linganisha uniti kwa uniti kati ya bili mbili, ukilinganisha pauni utachanganyikiwa.

Kuhusu kufuta makato benki: haki hiyo unayo, ni dakika moja kwenye apu, lakini bili haifi. Mpango wako wa kulipa kidogokidogo unaweza kuvunjwa wakakudai kiasi chote, na deni likikaa linakwenda kwa wakusanya madeni na kuchafua rekodi yako ya mikopo, ukija kutafuta mogeji (mkopo wa nyumba) au hata laini ya simu ya mkataba unaulizwa. Maji hawatakukatia, sheria ya 1999 inakataza kumkatia mtu maji ya nyumbani kwa sababu ya deni, kwa hiyo usilale na hofu ya bomba kukauka kama tulivyozoea kule kwetu jamaa akija na spana. Kinga yenyewe iko kwenye dhamana ya dairekti debiti, ambayo benki zote zilizo kwenye mfumo zinaifuata: kiasi kikibadilika lazima wakutaarifu mapema, kawaida siku 10 za kazi, na wakikata tofauti na walivyosema benki yako inatakiwa ikurudishie hela mara moja, huko mbele watajuana wao. Ila dhamana hiyo ni ya makosa ya kukata. Kama walikutaarifu 82.50 wakakata 82.50, benki haitakuamulia kama makisio yalikuwa ya haki, hilo ni la kampuni, na ukilalamika kwa maandishi wasipokuridhisha unapeleka CCW, bure.

Nyota ya pili niliyokata ni ya salio. Makato ya namna hii ni kama kibubu ambacho ufunguo anao mwenzako. Makisio yakiwa ya juu, hela yako inajikusanya kwao, pauni 100, 150, na barua yao inasema kwa furaha kabisa kwamba akaunti yako iko vizuri! Ni vizuri kwao. Hela haikuletei riba, na usipoomba inakaa. Tuma usomaji mpya wa mita kwanza, halafu omba urudishiwe au makato yashushwe. Kuacha kidogo humo si vibaya ukijua kiangazi kinakuja na wageni wapo, lakini uwe umeamua wewe.

Kwa aliyezoea LUKU, umeme wa kulipia kabla wa kule Tanzania, mfumo huu unakera, najua. Kule unanunua umeme unaouona, ukiisha umeisha, na maji ya DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar) unapata meseji yenye kontroo namba unalipa kwa simu ulichotumia mwezi huo. Huku kuna njia inayokaribia hiyo na wengi hawaijui: waambie hutaki kulipa kila mwezi, utalipa bili nzima ikitoka, ama kwa makato ya mara moja ama kwa kadi. Unalipa ulichotumia tu, hakuna kisio kama usomaji ni wa kweli. Ubaya wake ni kwamba inakuja pauni 300 au 400 kwa mpigo, na ikigongana na ada ya shule ya wadogo zako nyumbani au Krismasi, utaipenda ile 45 ya kila mwezi. Mi nimebaki kwenye ya kila mwezi, natuma usomaji mwenyewe kila baada ya muda nisisubiri waje kukisia.

Wenye hali ngumu msikae kimya. Kila kampuni ina bei ya unafuu kwa wenye kipato kidogo, masharti yanatofautiana. Na kuna mpango unaitwa WaterSure, kama una mita, unapokea benefiti (msaada wa hela wa serikali), na una watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka 19 unaopokea posho yao, au kuna mtu nyumbani ana ugonjwa unaohitaji maji mengi, bili yako inawekewa kikomo isizidi wastani wa kampuni hiyo. Nimeona familia za kwetu zenye watoto wanne wanalipa bili ya kuumiza na hawajawahi kulisikia hilo jina, na fomu ni ya kujaza jioni moja.

La mwisho ni la wanaohama. Siku ya kukabidhi funguo piga picha mita, tuma usomaji na tarehe, omba bili ya kufunga akaunti, na makato usiyafute mpaka hiyo bili itoke, kwa sababu kama kuna hela yako imebaki wengi wanairudisha kwenye akaunti ileile waliyokuwa wanakata. Ukishafuta wanakuandikia cheki, na cheki inakwenda kwa posta kwenye anwani waliyo nayo, sasa kama hukuwapa mpya itaokotwa mlangoni na mpangaji aliyekufuata.